Jiwe Si Kabari

Nitasema wazi tangu mwanzo. Gari lililosimamishwa kwenye mteremko bila kabari halijaegeshwa, limeombewa tu. Na mtu anayetia jiwe nyuma ya tairi, kisha akaondoka na kuliacha jiwe hilo katikati ya lami, hana tofauti na mtu aliyetega mtego njiani. Najua wapo watakaosema kwamba hii si mada ya insha ya Kiswahili. Hao nao nitawajibu kabla sijamaliza.

Ubishi huu ulizaliwa katika somo la tafsiri. Tulipewa maelezo ya Kiingereza juu ya kusawazisha karavani kwenye uwanja wa kupigia kambi. Karavani ni nyumba ndogo yenye magurudumu inayovutwa na gari dogo. Wazungu huenda nayo likizoni wakalala humo, wakapika humo. Wenzangu walicheka. Mmoja akasema hayo ni mambo ya watu wenye likizo, sisi karavani hatuna, basi kazi hii ni ya kupata alama tu. Wengi wakakubali. Mimi sikukubali, na bado sikubali.

Kwanza, wacheka walikosa kuyasoma maelezo yenyewe, maana yana akili. Yanasema chagua mahali pagumu, pasipo na tope wala shimo. Weka pima maji sakafuni uone nyumba imeinamia wapi. Anza na upande wa kushoto na wa kulia: pandisha tairi la upande ulio chini juu ya ubao mpana mpaka sakafu ilingane. Vuta breki ya mkono. Bana matairi kwa kabari. Baada ya hapo tu ndipo unapoitenga nyumba na gari lililoivuta. Kisha unarekebisha mbele na nyuma kwa kupandisha au kushusha kigurudumu cha mbele. Mwisho kabisa unateremsha miguu minne ya pembeni iguse ardhi. Miguu hiyo kazi yake ni kuzuia nyumba isitikisike. Si jeki, na anayeitumia kuinulia nyumba ataipinda.

Ona mpangilio huo. Kila hatua inailinda hatua inayofuata. Ukitenga nyumba kabla ya kuweka kabari, nyumba itaanza safari yake yenyewe. Ukiteremsha miguu kabla ya kusawazisha, utaibebesha miguu uzito ambao haukutengenezewa. Huo ni utaratibu wa mtu anayeuheshimu mteremko. Nani duniani anahitaji kuuheshimu mteremko kuliko Mrundi?

Pili, si kweli kwamba karavani hatuna. Neno hilo lilitoka kwa Waajemi, nalo lilimaanisha msafara wa wafanyabiashara muda mrefu kabla Wazungu hawajalifanya nyumba ya likizo. Misafara tunayo. Nendeni Kobero, mpakani kati ya Burundi na Tanzania. Malori yaliyotoka Dar es Salaam yakapitia Kahama, Nyakanazi na Ngara hufika Kabanga, yakavuka na kuingia kwetu. Karatasi zikichelewa, dereva na utingo wake hulala kwenye kabini. Hupika kwa jiko dogo kando ya tairi, huanika nguo kwenye kioo cha pembeni, huoga kwa dumu la maji. Kama hiyo si nyumba yenye magurudumu, nyumba yenye magurudumu ni ipi?

Tofauti iko kwenye uzito. Karavani ya kawaida ina tani moja au mbili. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu lori na tela lake kufika tani 56. Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kwenye mteremko wa asilimia 10, yaani barabara inayopanda mita 10 kwa kila mita 100, karibu sehemu ya kumi ya uzito wa gari huvuta kwenda chini. Kwa tani 56 hiyo ni zaidi ya tani tano na nusu. Tani tano na nusu zinasukuma usiku kucha, hazilali, hazichoki, na mbele yake tumeweka jiwe la ukubwa wa kichwa cha mbuzi.

Mimi nina Nyamugari mbili. Baba yangu ni wa Nyamugari ya Gitega, na mama yangu ni wa Nyamugari ya Muyinga. Jina hilo lina neno "gari" ndani yake kwa bahati tu, lakini ni magari yaliyonifundisha ninayoyaandika hapa, kwa sababu tangu utotoni nimekuwa nikisafiri kati ya Gitega na Muyinga kwa kupitia Karusi, na kila safari nimeona kitu kilekile. Lori limeharibika kwenye mpando. Nyuma yake matawi ya miti yamelazwa barabarani kuwa onyo. Chini ya matairi kuna mawe mawili matatu yaliyong'olewa mtaroni. Siku ya pili lori limeondoka, matawi yamenyauka, na mawe yako palepale.

Jiwe lina makosa matatu. La kwanza ni umbo. Kabari ina uso wa mteremko unaoegemea tairi na uso bapa unaolala chini. Tairi likiisukuma, uzito wenyewe huigandamiza ardhini. Jiwe la duara likisukumwa huviringika. Jiwe lenye ncha hugusa tairi mahali padogo, na likiwa laini hupasuka. La pili ni kwamba hakuna anayelijua jiwe kabla ya kulitumia. Jiwe la jana lilishika. La leo lina ufa ndani ambao hakuna aliyeuona. La tatu ni kwamba jiwe halina mwenyewe. Kabari ni mali, mtu huirudisha garini. Jiwe huachwa.

Na kwa nini huachwa? Tusiwasingizie madereva kuwa wana roho mbaya. Angalieni jinsi kazi inavyofanyika. Lori limelalia jiwe. Ili jiwe litoke, dereva lazima asogee mbele kidogo, kuelekea juu. Akishasogea, hataki kusimama tena, maana kuliondoa lori zito kwenye mpando ni kazi ngumu, klachi inaungua. Utingo ambaye angebaki nyuma kuliondoa jiwe analazimika kukimbia na kurukia kabini gari likitembea. Kati ya jiwe na kazi yake, anachagua kazi. Dawa ni ndogo mno: kabari iliyotobolewa ikatiwa kamba au mnyororo na kufungwa kwenye fremu ya gari. Lori likipanda, kabari inalifuata. Likifika mahali pa tambarare, utingo anashuka kwa utulivu na kuitundika. Hakuna anayekimbia, hakuna kinachobaki barabarani.

Jiwe linalobaki humpata nani? Halimpati dereva wa lori jingine. Tairi lake litalirusha kando. Humpata mwenye baiskeli. Kila mtu aliyepita barabara zetu anawajua vijana wanaoshuka milimani na mikungu ya ndizi, magunia ya makaa au madumu, kabla jua halijatoka, bila taa. Binamu yangu wa Nyamugari ya Muyinga alikuwa mmoja wao. Alikuta jiwe kwenye kona, la ukubwa wa mkate. Alivunjika mguu mahali pawili, na ndizi zote zikaharibika. Baiskeli ilikuwa ya kukodi, kwa hiyo alilipa na baiskeli pia. Leo anachechemea, na mlima ambao alikuwa akiupanda mara mbili kwa siku haupandi tena. Hakuna dereva aliyetafutwa, kwa sababu jiwe halina namba ya usajili.

Tangu uhaba wa mafuta utubane, mawe yameongezeka. Magari yanapanga foleni kwenye vituo vya mafuta kwa siku nyingi, na foleni haichagui tambarare. Inafuata barabara, juu na chini. Watu wanalala ndani ya magari yao. Kila gari la mbele likisogea, la nyuma linasukumwa kwa mikono hatua chache, kisha mtu anatafuta jiwe. Dereva wa teksi aliyelala kwenye kiti chake amekuwa mwenye karavani bila kupenda, na hana hata ubao mmoja wa kumsaidia.

Sasa nije kwenye kifo kinachokuja haraka zaidi, nacho ni kifo cha chini ya jeki. Madereva wengi huamini kwamba gari likiwa kwenye gia haliendi popote. Si kweli likiwa kwenye jeki. Injini hushika magurudumu ya nyuma kupitia difu. Ukiinua tairi moja la nyuma, lile lililo hewani linakuwa huru kuzunguka, na difu inaliruhusu lililo chini lizunguke kinyume chake. Gia ipo, lakini haishiki chochote. Hali ni hiyohiyo kwa magari ambayo breki yake ya mkono hushika shafti badala ya magurudumu, kama Land Rover Defender za zamani. Mtu anaingia chini ya gari akijua ameliacha na gia pamoja na breki, na gari linashuka kutoka kwenye jeki kana kwamba hakuna aliyelizuia. Kabari kwenye matairi yaliyobaki chini, kabla jeki haijaguswa, ndiyo inayomrudisha utingo nyumbani kwa watoto wake.

Breki za upepo nazo zinaaminiwa kupita kiasi. Kwenye malori ya kisasa, springi nene hubana breki upepo ukiisha. Hapo dereva ana haki ya kulala. Lakini matela ya zamani yasiyo na springi hizo hushikwa na upepo uliomo kwenye tangi lake. Upepo unavuja. Saa sita za usiku breki imeshika, alfajiri imelegea. Tela lililotengwa na lori lake likaachwa hivyo juu ya mlima ni sawa na jabali lililowekewa saa.

Wanaonipinga wana hoja, nami sitazificha. Wa kwanza anasema mawe ni ya bure na yako kila mahali. Ya bure kwa nani? Yakitolewa mtaroni, maji ya mvua yanaanza kula barabara pale yalipotoka. Yakiachwa kwenye lami, binamu yangu ndiye aliyeyalipia. Kitu hakiwi cha bure kwa sababu tu anayelipa si yule anayekitumia.

Wa pili anasema sisi ni maskini. Sikubali umaskini utumiwe hivi. Milima yetu imejaa mikaratusi. Fundi seremala wa soko lolote anaweza kukata kipande cha gogo kwa umbo la kabari na kukitoboa tundu la kamba kabla chai haijapoa. Lori lina tairi la akiba, lina redio, lina maandishi ya rangi mbele yanayomsifu Mungu au timu ya mpira. Mwenye lori aliyepata fedha ya rangi hiyo asiniambie kwamba amekosa kipande cha mti.

Wa tatu anasema ajali ni kudra, na jitihada haiondoi kudra. Methali hiyo naiheshimu, lakini haikutungwa ili iwe jina jingine la uvivu. Baba zetu wa Nyamugari hawajengi nyumba kwa kudra. Kwanza wanachimba mlima mpaka wapate kiwanja bapa. Kisha fundi anachukua mpira mwembamba wa plastiki, anautia maji, anashika ncha moja pembe hii na msaidizi anashika ncha nyingine pembe ile, na maji yanasema ukweli: hapa juu, hapa chini. Hakuna anayeweka tofali kabla maji hayajakubali. Ikiwa nyumba isiyotembea inasawazishwa kwa uangalifu huo, ni kwa akili gani nyumba yenye magurudumu iachiwe kudra?

Wa nne, huyu ndiye ninayemwogopa zaidi, anasema dereva mzoefu hahitaji hayo. Uzoefu ni kitu kizuri, lakini mteremko hausomi cheti. Ujerumani, nchi yenye madereva wazoefu na barabara nzuri, sheria inalitaka kila gari linalozidi tani nne kubeba kabari, na magari ya ekseli tatu au zaidi kubeba mbili. Mkataba wa kimataifa wa kusafirisha bidhaa za hatari barabarani unalitaka kila gari la aina hiyo liwe na kabari inayolingana na uzito wake na ukubwa wa tairi lake. Hawakuandika hivyo kwa sababu madereva wao ni wajinga. Waliandika kwa sababu uzoefu wa mtu hausimamishi gari akiwa amelala.

Kuna wanaodhani kwamba kusawazisha ni suala la usingizi mzuri tu. Hata usingizi ni jambo kubwa. Dereva aliyelala kichwa chini usiku kucha, damu ikimjaa usoni, kesho yake ndiye anayeteremka milima yetu na tani 56 mgongoni. Lakini kuna zaidi. Lori la kumwaga mchanga likiinua bodi lake huku limeinama ubavu, uzito unahamia upande wa chini na lori linapinduka. Lori la mafuta likipimwa kwa kijiti huku limeinama, kijiti kinasema uongo, na muuzaji na mnunuzi wanaanza kuitana wezi. Tela lililosimamishwa kwa miguu yake kwenye udongo wa mvua huzama mguu mmoja kwanza, kisha likalala. Ubao mnene na mpana chini ya kila mguu ungetosha. Kwa hiyo kusawazisha ni usalama, ni haki ya sokoni, na ni afya, vyote pamoja.

Ninadai nini, na kwa nani? Kwa mwenye lori: usimkabidhi dereva funguo bila kabari mbili zenye kamba na mbao mbili nene. Kwa mwalimu wa udereva: mfundishe mwanafunzi kusimama kabla hujamfundisha kwenda kasi, breki, kabari upande wa chini wa tairi, ndipo jeki. Kwa polisi wa barabarani: mnaposimamisha lori na kuuliza karatasi, ulizeni na kabari. Kwenye mizani nimeona uzito wa ekseli ukisomwa kwa makini; sijaona hata mara moja mtu akiuliza kinachozuia uzito huo usirudi nyuma. Kwa wanaopanga maegesho ya mipakani na vituo vya mafuta: chimbeni mlima kama fundi wa Nyamugari anavyochimba. Maegesho yenye mteremko ni kosa la mchoraji, ingawa litamwua utingo.

Na sasa ninarudi kwa wale wanaosema mada hii si ya Kiswahili. Kiswahili kilifikaje kwetu? Kilikuja na misafara, kikakaa na wafanyabiashara na madereva. Leo dereva wa Dar es Salaam, fundi wa Muyinga, utingo wa Gitega na askari wa mpakani wanaelewana kwa lugha hii. Hiyo ndiyo lugha inayosemwa chini ya lori lililoharibika saa nane za usiku. Sisi tunaoisomea tumefanya nini nayo? Mwanafunzi wa mwaka wetu akiulizwa ngeli ya neno "kabari" atajibu mara moja kwamba ni ya I-ZI. Akiulizwa kabari iwekwe upande gani wa tairi, atatazama dari. Neno tunalo kwenye kamusi. Barabarani ninasikia "jiwe" tu. Neno lisilotumika na waliolihitaji ni kama kabari iliyofungiwa stoo.

Walimu wetu wapendwa, siombi tuache isimu wala fasihi. Ninaomba tafsiri ile iliyochekwa isiishie kwenye alama. Tuiandike upya kwa ajili ya lori la Kobero na teksi ya foleni ya mafuta, ukurasa mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kirundi, kwa maneno ambayo utingo ataelewa akisomewa mara moja: mahali pagumu, ubao, breki, kabari, jeki, na kabari irudi garini. Tuupeleke kwenye vituo vya malori wenyewe. Atakayecheka tena acheke, lakini ashike ncha ya kamba aone jinsi tani tano na nusu zinavyovuta.